Jibu: Vinu vya upepo vya Kinderdijk vilifanya kazi gani?
Ndugu, umeuliza kama vinu 19 vya Kinderdijk, kijiji kidogo cha Uholanzi kilichopo pale mito Lek na Noord inapokutana, vilikuwa vya kusaga nafaka. La hasha, vilijengwa ili kuinua maji kutoka mashamba ya bondeni hadi bwawa la juu, ambako yalisubiri mto upungue ndipo malango yafunguliwe. Vinu 8 vya eneo la Nederwaard, vya matofali, ni vya mwaka 1738. Vya eneo la Overwaard, vilivyoezekwa kwa matete, vilifuata mwaka 1740. UNESCO iliviorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1997. Jina la kijiji, yaani tuta la mtoto, huhusishwa na mafuriko ya 1421, ambapo paka, akirukaruka huku na huku, alizuia kitanda cha mtoto kilichoelea kisipinduke. Hadithi tamu, ingawa mimi siiamini.