Wiki mbili za kujitolea na watoto Kasese

Dada uliyeuliza kama wiki mbili zinatosha kuja kujitolea na watoto wa kijijini huku Kasese, magharibi mwa Uganda, mi naona hazitoshi kabisa, walau kaa muhula mzima, maana watoto wanakuzoea, wanakushika mkono, halafu unapotea, na mwingine anakuja kuanza upya. Usije Desemba au Januari, shule zimefunga, muhula wa kwanza unaanza Februari.

Ukifika pita kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ujitambulishe, kisha muulize mwalimu mkuu yeye anahitaji nini, usije na mipango yako tayari. P1 mpaka P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, wanafundishwa kwa lugha ya eneo, huku ni Lhukonzo, kwa hiyo Kiingereza chako hapo hakisaidii sana, kaa nyuma umsaidie mwalimu kusahihisha madaftari. Niliwahi kukaa na katoto ka P2 kanasoma herufi kwa kidole, kalamu imeisha imebaki kipande kama ukucha, na bado kakaniomba tuendelee wakati wenzake wameshakimbilia mpira wa majani ya migomba. Katoto kama hako kanahitaji mtu atakayerudi kesho na keshokutwa, pipi hazikasaidii.

Na picha tafadhali usipige bila ruhusa ya mzazi, ni watoto wa watu. Ukiona mtoto anaumizwa usinyamaze, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.