"Borrow" na "lend": jaribu kopa na kopesha kwanza

Kwenye saiba (cyber café) ninakofanya kazi hapa River Road, Nairobi, mwezi ukikaribia kuisha tunapiga chapa barua nyingi za kuomba mkopo: kwa mwajiri, kwa chama, kwa mjomba aliye Marekani. Wateja huzileta zimeandikwa kwa mkono, na nyingi zina sentensi hii: "Kindly borrow me ten thousand shillings."

Wapo wanaocheka. Mimi naona ilikotoka. Sisi husema "niazime kalamu", tena tunasema "nimeazima kalamu kwa jirani". Anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Kiingereza hakikubali hilo. "Borrow" ni ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa.

Ushauri wangu: weka azima kando, ujaribu kopa na kopesha, hata kama kinachoombwa ni mwavuli. Panapokaa kopa, andika "borrow". Panapokaa kopesha, andika "lend". Kwa hiyo "nikopeshe" ni "lend me", hakuna mjadala.

Juzi soja mmoja, mlinzi wa getini, alileta barua aliyomwandikia bosi wake: "I want to lend 15,000 from the company." Nikamwambia, "Mzee, hapa ni kama wewe ndiye unayetoa pesa." Akaniangalia. "Ningekuwa nazo ningekesha getini?"

Hiyo "from" yake ilikuwa sawa, ila ni ya "borrow": "I borrowed a ladder from my neighbour." "Lend" hufuatwa na mtu, kisha kitu: "She lent me a ladder." Ukitanguliza kitu, mtu anatanguliwa na "to": "She lent a ladder to me." Wakati uliopita ni "lent", si "lended". (Ukiiona na L kubwa, hiyo ni Kwaresima.)

Kuna mahali dawa yangu haifanyi kazi: dukani. Ukikopa unga kwa kiosk, usiandike "I borrowed flour", maana Mwingereza ataelewa kwamba utarudisha unga. Andika "I took it on credit".

Kwenye mkataba wa mkopo ndipo maneno haya huwa na uzito. "Borrower" ni wewe, "Lender" ni benki. Kila penye "the Borrower shall" ni wajibu wako. Penye "the Lender may" ni ruhusa waliyojipa wao. Soma hizo za pili polepole kabla ya kutia sahihi.

"Loan" ni mkopo wenyewe. Wamarekani huifanya kitenzi pia, "loan me", lakini kwenye barua rasmi hapa Kenya mimi huiacha.

Na kama barua inaenda kwa bosi, napendelea "borrow" hata pale "lend" ingekuwa sahihi. "Lend me" ina harufu ya amri. "I would like to borrow 10,000 shillings from the company" inaomba kwa heshima, na bado inataja kiasi bila kuzunguka.