Peugeot 504 ya mzee isiibiwe
Kaka umeuliza utailindaje hiyo Peugeot 504 uloachiwa na mzee na inalala nje, wasiwasi wako nauelewa kabisa maana gari hizo hazina imobilaiza (kifaa cha umeme kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake), mwizi akivunja loki ya stelingi akaunganisha waya za swichi basi imewaka. Mi yangu kila usiku nafungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, nachomoa rota yake inayozunguka ndani, kidude kidogo kinaenea kiganjani, naingia nacho ndani, hapo hata apige stata mpaka betri ife haiwaki ng'o. Fundi umeme akufungie na swichi ya siri kwenye waya wa koili, ile inayokuza umeme wa plagi, ila asiiweke chini ya dashibodi, ndo pa kwanza wanapopapasa. Traka, kile kifaa cha kukuonyesha gari liko wapi, weka pia, na namba ya chesisi ichorwe kwenye vioo vyote, akitaka kuiuza itabidi avibadilishe na vioo vya 504 saivi kuvipata kazi kweli.