Mzee wa miaka 34 usimpe mkataba wa miaka mitano, mimi nimeshaliwa

Wakuu, mimi niko Minnesota mwaka wa saba huu, na hoki ya barafuni nilianza kuifuata kwa sababu ya baridi tu, miezi mitano huna pa kwenda. Kazini tuna ligi yetu ya kubuni (fantasy), kila mtu na timu yake ya wachezaji halisi, kepu ya mishahara, yaani kikomo cha mishahara yote ya timu, tunafuata ileile ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ila mikataba tunapanga wenyewe. Mwaka wa kwanza tu nikampa beki mmoja wa miaka 34 mkataba wa miaka mitano, eti kwa vile alikuwa na pointi nyingi (mabao na pasi za mabao), nikaona nimelamba dume.

Msimu wa pili freshi. Wa tatu sasa, niko na chai yangu naangalia mechi, dogo mmoja anampita pembeni kama mwendokasi inavyoipita daladala, kuja kumwona yeye kainama, fimbo kailaza magotini, anahema. Hapo nikajua imekula kwangu, na bado miaka miwili! Halafu nilipofuatilia, zile pointi nyingi alizipata wakiwa watano kwa wanne, yaani mpinzani mmoja kafungiwa nje kwa adhabu, mzee kasimama kwenye mstari wa bluu anapiga tu, hakimbizwi na mtu.

Watu wanadhani kosa ni hela. Hapana, ni miaka. Kepu ilikuwa dola milioni 88 msimu wa 2024-25, uliofuata ikapanda hadi 95.5, kwa hiyo hela kubwa ya mwaka mmoja inavumilika. Waulizeni wa huku. 2012 Minnesota Wild waliwasaini Parise na Suter, kila mmoja miaka 13 kwa milioni 98, wana miaka 27, mji mzima ukashangilia. 2021 wakavunjiwa mikataba wakiwa na 36, na ukivunja hela haifutiki kwenye kepu, inasambazwa mara mbili ya miaka iliyobaki, na kwa vile waliwalipa nyingi mwanzoni, 2023-24 na 2024-25 timu ikabeba zaidi ya milioni 14 kila msimu za watu ambao hawapo. Yaani unalipa kodi ya nyumba uliyoshahama.

Kwa hiyo akishavuka 33 mpe mwaka mmoja, ukizidi sana miwili, hata kama unamuongezea hela kidogo. Crosby mwenyewe, nyota wa Pittsburgh, 2024 akiwa na 37, kasaini miwili tu, 8.7 kwa mwaka. Kuanzia 35 kuna njia tamu zaidi, mwaka mmoja wenye mshahara mdogo na bonasi, kama timu ya Boston na mkongwe wao Bergeron 2022. Ila bonasi zikivuka kepu zinahamia msimu unaofuata, na Boston ziliwakuta.

Huyu wangu, juzi jamaa mmoja kazini kasema atamchukua nikibaki na nusu ya mshahara na nimpe na chaguo langu la raundi ya pili, yaani zamu yangu ya kuchagua mchezaji mpya, juu yake. Mwizi kabisa, lakini nadhani nitakubali.