Tairi la 38 litanifikisha Mtae?

Swali: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya graveli, yaani ya njia za changarawe, niliyoinunua mtumba, usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano. Matairi ni 700 kwa 38 (upana wa milimita 38), yana tyubu. Mbele ina gia moja ya meno 40, nyuma zinaanzia meno 11 hadi 42, na breki ni za diski zinazovutwa na waya. Mimi nina kilo 82. Baiskeli, maji na mizigo vinafika kilo 18. Mwezi wa saba nataka kupanda Usambara: Mombo, Soni, Lushoto, nipite msitu wa Magamba hadi Mtae, halafu nikirudi nichepuke Bumbuli. Fundi wa mtaani kwetu kaniambia niweke matairi ya 45 na nijaze upepo PSI 65. Hela yangu haitoshi kubadili kila kitu. Nianze na matairi? (Msomaji, Kibaha)

Jibu: Marahaba. Hapana, matairi yaache. Hela ya matairi mawili mapya kanunue gia ndogo ya mbele na pedi mpya za breki, na huenda ukabaki na chenji ya kula Lushoto.

Nikueleze kwa nini gia. Tairi lako likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.19. Ukiwa na 40 mbele na 42 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2.1 hivi. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7.5 kwa saa. Inaonekana mwendo wa konokono, lakini kwenye mwinuko wa asilimia 10 mzigo wako wa kilo 100 unadai wati 230 na kitu ili kupanda kwa mwendo huo. Watu wengi wenye mazoezi ya wastani wanaweza kushikilia wati 150 au 170 kwa saa nzima, si zaidi. Kitakachotokea ni kwamba mizunguko itashuka hadi 40, utasimama juu ya pedali, na kwenye changarawe ukisimama tu uzito unahama mbele, tairi la nyuma linazunguka bure na unashuka kusukuma. Nimewaona wengi wakisukuma, na wote wanalaumu tairi.

Weka meno 34 mbele. Mzunguko mmoja unakuwa mita 1.77, na kwa mizunguko 50 ya kukaa kitini mwinuko uleule unakudai wati 165 hivi. Hapo unapanda bila kushuka kusukuma. Kabla ya kununua, pima kipenyo cha duara la tundu za bolti kwenye kranki, ule mkono unaoshika pedali. Kama ni la milimita 110, basi 34 ndiyo karibu kikomo chake, usikubali kuuziwa 32 kwa maneno ya "itaingia tu". Ukishafunga, punguza pingili mbili za cheni, la sivyo italegea ukiwa kwenye gia ndogo za nyuma. Utapoteza mwendo wa tambarare? Kidogo. Kwa 34 na 11 bado unafika kilomita 36 kwa saa ukikanyaga mizunguko 90, na kwenye miteremko ya kule hutakanyaga kabisa.

Sasa breki, ambazo hukuziuliza, na ndizo zinazonitia wasiwasi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na unapanda takribani mita 1,000, barabara ikifuata bonde la mto unaoteremka kutoka Soni. Kupanda ni jasho tu. Kurudi, kilo 100 zikishuka mita 1,000 zinatoa nguvu ya kuchemsha karibu lita tatu za maji ya bomba. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo wa mbele yako na msuguano wa tairi. Iliyobaki yote inaishia kwenye diski mbili na pedi zake ndogo kama kucha za dole gumba. Mimi mwenyewe niliwahi kuteremka na mvua nikiwa na pedi laini za resini ambazo asubuhi zilionekana nzima. Mchanga uliochanganyika na maji ulizisaga kama msasa, na nilimalizia safari chuma kikilia juu ya chuma, mguu mmoja chini.

Kwa hiyo nunua pedi za chuma, zinadumu zaidi kwenye tope, ila kwanza soma maandishi kwenye diski yenyewe. Kama imeandikwa kuwa ni ya resini tu, pedi za chuma zitaila. Bakia na resini na ubebe jozi ya akiba mfukoni. Breki za waya zina tabia moja zaidi: pedi ikilika, hakuna mafuta ya kujaza pengo, mkono wa breki unaanza kugusa usukani. Jifunze nyumbani kukaza ile skrubu ya waya na ile ya pedi ya ndani, maana ukiwa kwenye kona hakuna wa kumwita. Na usiburuze breki mteremko mzima. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ukiwa kwenye kona, ziache zipoe. Kaa upande wako hata kona ikikushawishi kuikata: bodaboda wengi wa milimani huzima injini kushuka ili kuokoa mafuta, wanakuja kimya kabisa. Malori nayo yanakuja na kabichi na viazi kutoka Lukozi, na yana haraka ya kuwahi soko.

Tukirudi kwenye matairi. Upana wa 38 unatosha kwa Julai, kwa kuwa masika yamekwisha tangu Mei na njia imeshikamana. PSI 65 ndiyo isiyofaa. Tairi gumu halimezi jiwe, linaruka juu yake, na kila mruko huo umeulipia kwa miguu yako. Kwa uzito wako na tyubu, anza na 42 nyuma na 38 mbele. Ukisikia rimu inagonga kwenye mawe, ongeza mbili. Ukishuka sana chini ya hapo, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na utapata matundu mawili sambamba, kama umeumwa na nyoka. Kuna anayeuliza kama upepo hubadilika ukipanda mlimani. Hubadilika: hewa nyepesi ya juu inaongeza PSI moja na nusu hivi kwenye geji, lakini baridi ya Lushoto inapunguza mbili na ushee. Zinakaribia kufutana, usihangaike.

Hata ukija kupata hela ya matairi ya 45, pima nafasi kwanza. Chukua ile alenki namba 6 iliyopinda kama herufi L, ipitishe kati ya tairi na fremu pande zote, kisha kati ya tairi na uma wa mbele. Isipopita, hiyo baiskeli haitaki tairi pana zaidi. Udongo wa Usambara ni mwekundu na unanata, ukilowa unajikusanya kwenye uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo mwenye tairi jembamba na nafasi kubwa anampita mwenye tairi pana lililobanana. Beba kijiti cha kukwangulia, ndiyo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote nilivyotaja. Ukivuka kijito, shuka ubebe baiskeli kama maji yanafika kwenye ekseli. Beringi za kati zikinywa maji ya mchanga zitaanza kulalamika siku ya pili.

Njia yenyewe umechagua vizuri, ila usiifanye kwa siku mbili. Lala Lushoto siku ya kwanza, mwili uzoee baridi. Lushoto hadi Mtae ni kilomita 60 na kidogo, na kwa ramani inaonekana fupi, lakini ni panda-shuka ya siku nzima. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo ukitaka kuacha barabara uingie kwenye njia za ndani, pita ofisini kwao uchukue kibali na mwongozaji. Ndani ya msitu punguza upepo PSI tatu, kwa sababu mizizi iliyolowa ukungu inateleza kuliko changarawe, na ivuke kwa pembe mraba, usiifuate kwa urefu wake. Inua macho pia, mbega wako juu yako. Mtae iko ukingoni mwa milima, ufike kabla ya jua kuzama uone nyika ya Mkomazi ilivyotandazwa chini.

Kwa Bumbuli chepukia Soni. Hapo ndipo utakapopata mabonde unayoyatafuta: vijito, migomba, mashamba ya chai. Ukiwa na siku ya ziada, mbele yake kuna msitu wa Mazumbai ulio chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Omba ruhusa mapema. Mimi ningeitoa Irente, ule ukingo wa kutazamia nyika karibu na Lushoto, kwenye safari kabla sijaitoa Mazumbai, na Wasambaa wenzangu wanisamehe, ingawa jibini na mkate wa pale Irente ni chakula cha mwendesha baiskeli hasa.

Beba tyubu mbili, viraka na gundi yake, kifaa cha kukatia cheni, na pingili ya kuungia. Mafundi wa baiskeli utawakuta kila mji mdogo, hodari kwelikweli, lakini stoo zao ni za baiskeli za mizigo. Tyubu ya 28 ya kawaida ukiwa umekwama itaingia kwenye rimu yako, kipenyo ni kilekile kwa baadhi yake: tazama ubavuni pameandikwa 622. Ikiwa 635, ni kubwa kidogo, ikunje taratibu itakufikisha. Vali yake inaweza kuwa nene kuliko tundu la rimu yako, hivyo beba yako.