Unga wa nano haumwagwi hivi hivi kwenye alumini

Juzi nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa uzamili: "Kaka, nimetia asilimia 2 ya silikoni kabaidi ya nano kwenye alumini, lakini sampuli zangu zinakatika mapema kuliko alumini tupu. Nimekosea wapi?" Nimeusoma mara mbili. Silikoni kabaidi ya nano ni unga mgumu wa chembe ndogo mno, na hutiwa kwenye alumini ili kuiimarisha. Swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, mbele ya watu, nikakosa jibu.

Nilikuwa nayeyusha pistoni chakavu za magari kwenye tanuri la mkaa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, mimi nikaipeleka hadi 750, nikakoroga huku namwaga unga kidogo kidogo. Chembe zake zilikuwa za nanomita 50 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kuzinunua kulimaliza akiba yangu ya miezi minne. Nyingi zilielea, zikaondoka na takataka za juu. Zilizozama ziligandana. Nilipokata sampuli na kuipiga msasa, vitundu vilionekana kwa macho, bila hadubini. Mzee mmoja wa jopo lililokuwa likinihoji akaigeuza mkononi, akasema, "Huu ni uji wenye mabonge." Watu wakacheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Ila alisema kweli. Unga wa uji huukorogi kwenye maji yanayochemka, unaanza na maji baridi. Gramu moja ya chembe zile ina uso wa karibu mita za mraba 37, na uso wote huo unanasa unyevu na hewa, chembe zinang'ang'aniana, na alumini iliyoyeyuka inashindwa kuzilowesha.

Basi nikaanza upya. Nilisaga unga wa nano pamoja na unga wa alumini kwenye kinu cha gololi (msikaribie moto hapo, unga wa alumini hulipuka), nikaufunga vifurushi vidogo kwa karatasi ya alumini, nikavizamisha kimoja kimoja. Nikaongeza asilimia 1 ya magnesi, metali nyepesi, ili alumini ishike chembe. Kisha nikashuka kutoka asilimia 2 hadi nusu. Chembe chache zilizosambaa vizuri huzuia tabaka za atomi zisiteleze, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Bonge ni ufa uliouweka kwa mkono wako mwenyewe. Safari hiyo sampuli zilishinda alumini tupu, nikazipeleka mbele ya jopo lile lile, na hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, acheni kukimbilia asilimia kubwa. Najua mmesoma kwamba mwaka 2015 watafiti wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), Marekani, walifikisha asilimia 14 ya silikoni kabaidi kwenye magnesi. Hata wao walianza na chembe kidogo, wakazisambaza kwa mawimbi ya sauti, kisha wakavukiza sehemu ya metali ili chembe zibaki nyingi. Sambaza kwanza! Kusambaza kwanza, asilimia baadaye.

Mdogo wangu, kabla hujanunua unga mwingine, kata sampuli zako katikati, zipige msasa mpaka zing'ae, unitumie picha.