Kabla ya Kuchagua Programu ya Picha, Uliza Itakuachia Nini Siku Utakapoihama

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia swali ambalo nimekwisha kulipokea mara nyingi kwa sura tofauti. Ana picha za familia katika simu mbili, katika kompyuta ya zamani ya mumewe na katika flashi ambazo hajui tena ipi ina nini, na rafiki yake amemshawishi alipie Lightroom, programu ya picha ya kampuni ya Adobe, kila mwezi ili azipange na kuzisafisha. "Kaka," ameandika, "niambie tu ipi ni nzuri kuliko zote, nianze nayo mwishoni mwa wiki." Ningeweza kumjibu kwa jina moja, lakini dada yangu huyu anastahili zaidi ya jina, na ninyi wengine mnaozithamini picha zenu mnastahili vilevile.

Swali lake limenikuta katika wakati mzuri. Hivi karibuni ukoo wetu ulikutana Pangani kwa arobaini ya Bibi, mzaa mama, na siku chache kabla ya hapo mama mkubwa alitaka kila mjukuu apewe kijitabu cha picha za marehemu. Nilifungua digiKam, programu ninayopangia picha, nikaandika jina la Bibi katika sehemu ya kutafutia, na picha zake zikaja zote: za karatasi nilizokuwa nimeziskani, za harusi ambazo yeye alikaa pembeni na hakuna aliyemkusudia, za Idi, za safari ya hospitali ambayo alirudi akicheka. Zilikuwa zimepangwa kwa mwaka, na nyingi zilikuwa na maelezo ambayo yeye mwenyewe alinisimulia akiwa hai. Jioni ile ile nilikuwa nimekwisha kuchagua. Sioni haya kusema kwamba nilijivunia. Kwa miaka mingi nimeambiwa nyumbani kwamba najichosha na kompyuta wakati picha zote zimo kwenye simu, na mmoja wa wajomba zangu aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba hii ni kazi ya mtu asiye na kazi. Neno lile halijanitoka moyoni. Kijitabu kilipokuwa kikipita mkono hadi mkono, mjomba huyo huyo ndiye aliyekaa nacho kwa muda mrefu kuliko wote, na mimi sikuhitaji aseme kitu.

Nimesimulia haya kwa sababu kijitabu kile kisingewezekana kama ningekuwa nachagua programu kwa uzuri wa sura yake au kwa wingi wa vitufe vyake. Kipimo changu ni kimoja, na kila nitakalolisema hapa chini linarudi kwake: je, majina, tarehe na maelezo unayoyaandika yanabaki na picha, au yanabaki na programu?

Kipimo hiki sikukisoma mahali popote. Nilianza na Picasa, programu ya kupangia picha, kama wengi wa rika langu. Google iliinunua mwaka 2004 na kuitoa bure, na katika kompyuta dhaifu tulizokuwa nazo ilifanya kazi kwa wepesi wa ajabu. Humo niliandika maelezo chini ya picha, nikaweka nyota, nikaunda albamu na kuzipa sura za watu majina. Machi 2016 Google iliacha kuiendeleza. Haikufutika katika kompyuta yangu, na nilizoea kuiona pale, lakini nilipohamia kompyuta mpya na programu nyingine ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu ilikuwa imeandikwa mahali pawili. Maelezo ya picha za JPEG yalikuwa yameandikwa ndani ya faili zenyewe, kama wazee walivyoandika kwa kalamu nyuma ya picha ya karatasi, na kila programu niliyoijaribu iliyasoma bila shida. Albamu na nyota zilikuwa katika vifaili vilivyofichwa ndani ya folda, vinavyoitwa .picasa.ini, na majina ya sura nayo hayakuwa ndani ya picha isipokuwa pale mtumiaji alipoagiza hivyo. Programu nilizohamia hazikuvijali vifaili hivyo. Haikuwa dosari, kwani programu ilifanya ilivyoundwa kufanya, lakini tofauti kati ya fungu lililosafiri nami na fungu lililobaki nyuma ndiyo iliyonifundisha.

Baadaye kidogo nikapata funzo lenye uchungu zaidi. Kulikuwa na programu ya simu, ambayo sitaitaja, iliyonivutia kwa albamu zake nzuri, nami nikaijaza kumbukumbu za watoto wangu kwa upendo mkubwa. Siku ada ilipopandishwa na mimi nikashindwa kulipa, picha niliruhusiwa kuzishusha, lakini zilirudi tupu, bila mpangilio, bila maelezo, bila jina la mtu hata mmoja. Niliandika barua kwa wahusika na sikupata jibu la maana. Mpaka leo, nikiona mtu anapakua programu ya picha kwa sababu tu ina nyota nyingi dukani, moyo wangu unashtuka kwa niaba yake.

Ni vizuri basi kujua kinachoandikwa wapi. Kamera au simu inapopiga picha huandika ndani ya faili tarehe, saa, mwanga uliotumika na pengine mahali, katika mfumo uitwao EXIF. Maelezo, maneno ya kutafutia na jina la mpiga picha huandikwa katika mfumo wa IPTC, uliokuzwa na mashirika ya habari yaliyohitaji picha isafiri pamoja na habari zake, na katika XMP, ambao Adobe iliutoa mwaka 2001. Mifumo hii inasomwa na programu nyingi sana. Programu yoyote inayokuandikia humo inakuacha huru. Inayoandika katika hazina yake peke yake imekufunga, hata kama ni ya bure na hata kama walioiunda ni watu wema.

Sasa nizitaje kwa majina. Lightroom ni programu nzuri, na anayepiga harusi kwa malipo, akirudi na faili ghafi nyingi za kamera (RAW), atapata thamani ya fedha yake. Toleo la 6 la mwaka 2015 lilikuwa la mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Tangu hapo ni ada. Lightroom Classic huhifadhi kazi yako yote katika katalogi, yaani hazina yake yenyewe, na lazima uiagize kwenye mipangilio iandike mabadiliko katika XMP yenyewe, kwani isipoagizwa haifanyi hivyo. Ukiacha kulipa, toleo hilo bado hufunguka na unaweza kuziona na kuzitoa picha zako, lakini chumba cha kuhariri hufungwa. Huo ni mkataba ulio wazi, nami nauheshimu, ila mwenye picha za kuzaliwa, shule na sikukuu hauhitaji.

Mimi nimekaa kwa digiKam. Ni programu huria, yaani ya bure na iliyo wazi kwa yeyote kuiendeleza, imekuwa ikijengwa tangu mwaka 2001, na inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Hutambua sura ndani ya kompyuta yako bila kuzipeleka picha popote, jambo ambalo nalipenda hasa kwa picha za watoto na za akina mama walio faragha, ingawa mwanzoni huomba kupakua mafaili makubwa ya utambuzi, kwa hiyo lifanye hilo penye intaneti ya uhakika na si kwa bando la siku. Mara tu ukiisakinisha kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya metadata (taarifa zinazoambatana na picha), na uhakikishe kwamba imeruhusiwa kuandika lebo, maelezo, nyota na majina ya sura ndani ya picha. Usiruke hatua hiyo, kwa sababu bila hiyo umerudi kwenye tatizo lile lile. Sura yake si ya kupendeza, na majuma ya kwanza ya kupanga ni ya kuchosha, lakini hayo kila mtu atayapita kwa namna yake.

Google Photos ninaitumia kuwaonyesha ndugu walio mbali, na kwa kutafuta haijapata mshindani. Hifadhi yake isiyo na kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021, na sasa GB 15 za bure zinagawanywa kati ya picha, Gmail na Drive. Unapotoa picha zako kwa Takeout, huduma ya Google ya kushusha data zako, maelezo uliyoyaandika na tarehe ulizozirekebisha huja katika faili za maandishi, ziitwazo JSON, zilizo kando ya picha. Zipo, hazijapotea, lakini kuzirudisha ndani ya picha ni kazi inayohitaji chombo kingine. Kwa hiyo iwe dirisha la kuonyeshea, na maktaba yenyewe ikae kwako.

Usiniamini kwa maneno, fanya jaribio. Chukua nakala za picha chache, ziweke katika folda ya majaribio, zifungue kwa programu unayoifikiria, uandike maelezo, uweke lebo, uipe sura moja jina, uongeze nyota. Kisha funga programu hiyo, nakili folda kwenye kompyuta nyingine, na uifungue kwa programu tofauti kabisa, kwa mfano XnView MP, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Unachokiona hapo ndicho utakachobaki nacho siku programu yako itakapofungwa, itakapopanda bei au itakapokuchosha. Nimewaelekeza marafiki wengi jaribio hili, na walioruka hatua hii ndio wanaonipigia simu usiku.

Kuna jambo la tarehe, ambalo kwetu ni zito kuliko wanavyolijua walioandika miongozo ya programu hizi, kwa sababu sehemu kubwa ya picha zetu hupitia WhatsApp. Picha ikitumwa humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa za EXIF, na kinachobaki ni jina la faili lenye tarehe ya kutumwa au kupokewa, kama IMG-20190412-WA0003. Picha ya harusi ya mwaka 2005 iliyotumwa jana itajipanga na za jana. Picha ya karatasi uliyoiskani nayo itabeba tarehe ya kuskaniwa. Kwa hiyo programu utakayoichagua lazima ikuwezeshe kusahihisha tarehe za picha nyingi kwa pamoja, na digiKam inayo zana hiyo. Folda nazo zipe majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu, ili zijipange zenyewe katika kila kompyuta. Na kila unapoweza, mwombe ndugu akutumie picha kama hati, ili ifike kama ilivyotoka kwenye kamera.

Kuhusu kuhariri nitasema kidogo, kwa kuwa wengi huanza na hapo na mimi naona ni pa kumalizia. Picha zetu za sherehe zina tatizo linalojulikana: kanzu nyeupe na nyuso nyeusi chini ya jua la saa saba. Kitufe cha kurekebisha kiotomatiki mara nyingi huokoa kanzu na kuziacha nyuso gizani, au huzing'arisha nyuso mpaka zipoteze rangi yake ya kweli. Tafuta programu inayokuruhusu kuinua sehemu za giza peke yake na kuituliza mianga peke yake. Snapseed kwenye simu hufanya hivyo bure, na darktable kwenye kompyuta hufanya hivyo kwa ustadi mkubwa kwa mwenye subira ya kujifunza. Darktable haiigusi picha ya asili. Huandika hatua zako katika faili ya XMP kando yake. Hata hivyo fahamu kwamba nyota na lebo zilizomo zitasomwa na programu nyingine, lakini hatua za uhariri huelewa darktable yenyewe tu. Hatua za Lightroom nazo huelewa vizuri programu za Adobe tu. Picha uliyoimaliza na kuipenda itoe kama JPEG mpya, uiweke kando ya ile ya asili, na ile ya asili usiifute.

Dada yangu wa Tanga, jibu lako ni digiKam kwa kupanga na Snapseed kwa kusafisha, na Lightroom iache mpaka siku utakapopiga picha kwa malipo. Usianze na simu zote kwa pamoja. Anza na ile kompyuta ya zamani, kwa kuwa diski yake ndiyo iliyo karibu zaidi kufa, na kabla ya kufungua programu yoyote nakili kila kitu kilichomo kwenye diski ya nje. Ukipata uwezo, fuata kanuni aliyoieneza mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako. Yangu ya nje iko kwa binamu yangu Arusha, na kila ninapokwenda kumtembelea nabeba nyingine iliyo mpya na kurudi na ile ya zamani.